Mstari wa Tarehe 13 Oktoba

Långskata, 12 Machi 2023

Elis, mjukuu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wa mama yako umepoa. Mimi nipo. Theluji upande wa ghalani bado imefika dirishani. Moyo wangu unapiga kama trekta la zamani, unakohoa kwanza ndipo unakubali. Gunnel wa ng'ambo ya barabara ananiletea maandazi ya iliki kila Jumamosi na kunigombeza kwa kutoka nje bila kofia. Mwambie mama yako asihangaike kunipigia simu kunigombeza, huku napata ya kutosha.

Sasa jambo lenyewe. Chama cha maofisa wa akiba wa jeshi cha hapa kwetu kinachapa kitabu. Kila ofisa aliyetoka parokia hizi atapewa nusu ukurasa: picha, cheo, mazoezi aliyohudhuria, vyote vinanakiliwa kutoka kadi ya utumishi kama vilivyo. Juzi katibu wao kaniletea nusu ukurasa wangu niukague. Picha nzuri. Cheo sahihi, luteni, kilekile tangu 1975. Halafu nikakuta mstari huu: "13 Oktoba 1984, aliacha platuni yake mazoezini bila ruhusa, akaenda kuwinda. Aliondolewa katika uongozi."

Kwamba niliondolewa, najua, nilikuwepo. Kwamba niliondoka, ni kweli. Lakini kwamba nilikwenda kuwinda! Watu wangu thelathini na wawili niwaache kwenye matope, nikafukuze kulungu? Miaka thelathini na tisa neno hilo limelala kwenye kabati la ofisi, na mimi nikipita barabarani nasalimiwa na watu.

Kitabu kinakwenda kiwandani mwisho wa Novemba. Nataka neno hilo litoke kabla. Ofisi ya kumbukumbu za jeshi inaandika Kifini, na Kifini changu ni cha kuuzia viazi. Wewe umesomea lugha zote mbili, hicho na Kiswidi chetu. Niandikie. Nimekuwekea hati ya kukupa mamlaka, nimeitia sahihi.

Babu yako,
Torvald Nygräs


Jyväskylä, 29 Machi 2023

Babu mpendwa,

Tunakusalimu wote wawili. Mgongo wa mama unaendelea hivyohivyo, anafanya kazi wodini amevaa mkanda na anasema wagonjwa wanamwonea huruma kuliko anavyowaonea wao. Mimi sina habari. Shule, chumbani, shule.

Barua nimeipeleka. Niliiandika mara nne. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu: kwa Kifini mimi ni jasiri kidogo. Kwa Kiswidi kila mtu wa Långskata ananikumbuka nilivyojificha chini ya meza siku ya mazishi ya Bibi Svea, kwa hiyo hata kwenye karatasi naona haya. Kwa Kifini hakuna anayenijua, nikaandika "ninadai" badala ya "ningeomba". Nilipofunga bahasha masikio yalikuwa ya moto.

Wamejibu upesi kuliko nilivyotegemea. Wanasema kadi haibadilishwi kwa sababu mwenyewe hakuipenda. Wanataka mambo mawili. La kwanza, ueleze siku hiyo ulikuwa wapi. La pili, shahidi aliyekuwepo, atie sahihi.

Kwa hiyo nakuuliza, Babu. Ulikuwa wapi?

Elis


Långskata, 10 Aprili 2023

Elis,

Ahsante kwa salamu. Barafu ya ghuba imeanza kulia. Gunnel kateleza ngazini kwake, mkono umevimba ila haukuvunjika. Bado anakuja na maandazi, sasa anayabeba kwa mkono mmoja na kunigombeza kwa ule mwingine.

Barua yao nimeisoma kwa kamusi. Sheria ya nchi hii inasema wanijibu kwa lugha yangu. Nilipokuwa natambaa kwenye tope lao hawakuniuliza natambaa kwa lugha gani.

Waambie sikwenda kuwinda. Basi. Wamepata neno la ofisa, na ofisa hasimami mbele ya karani kueleza nyendo zake kama mtoto aliyechelewa shule.

Shahidi yupo mmoja. Sitamwomba. Kuna kitu nilikitoa bure siku ile, na kitu cha bure hakidaiwi, hata kwa sahihi. Wewe usiniulize tena. Andika upya, andika kwa ukali.

Babu


Jyväskylä, 22 Juni 2023

Babu mpendwa,

Heri ya sikukuu ya kiangazi. Mama anauliza kama shemeji yako Mzee Algot atawasha moto ufukweni mwaka huu au chama cha wawindaji kimemchosha. Nimepata kazi ya likizo, kupanga chupa tupu nyuma ya duka. Naipenda, chupa hazikusalimii.

Nisamehe kuchelewa. Niliandika kwa ukali kama ulivyosema. Wakakataa kwa upole, tena wakaleta nakala ya ukurasa mzima wa mazoezi ya 1984, kwa jina langu, kwa kuwa mamlaka ninayo. Ilifika tarehe 19 Mei. Ndiyo, Mei. Nimekaa nayo mwezi mzima ndani ya kitabu cha hesabu.

Ukurasa ule umeandikwa kwa mkono. Chini yake kuna jina la karani wa kombania aliyeuandika. Jina hilo sitaliandika hapa. Nilitaka tu ujue kwamba nimeliona, na kwamba sielewi.

Je, unajua ni nani aliyekuwa karani?

Elis


Långskata, 14 Agosti 2023

Elis,

Viazi vimekubali. Algot aliwasha moto, mkubwa kupita kiasi, kama kawaida yake. Kaniletea samaki wa moshi. Daktari wa Vaasa anataka kuniwekea betri ya moyo msimu wa mapukutiko, nimemwambia gari langu lenyewe nalianzisha kwa kulisukuma.

Unaniuliza karani alikuwa nani. Kombania ilikuwa na makarani watatu, walipokezana. Karani anaandika anachoambiwa na meja. Sina ugomvi na kalamu ya mtu, nina ugomvi na neno. Umepewa kazi ya kuondoa neno, na badala yake unachimbua majina. Miezi mitano nimekusubiri. Mwenzio mwenye umri wako nilimpa bunduki na ramani, akarudi.

Kama kazi imekushinda, sema.

Babu


Jyväskylä, 27 Septemba 2023

Babu mpendwa,

Sisi wazima. Mama kabadilishiwa wodi, sasa yuko kwa wazee, anasema wote wanafanana na wewe, wanakataa kofia.

Hii ni barua ya kukiri. Isome ukiwa umekaa.

Jana nilikwenda kwenye mwito wa jeshi. Tulikuwa wavulana wengi kwenye ukumbi wa shule, tunapewa kahawa na andazi kama msibani. Mezani walikaa luteni kanali, daktari na mama mmoja wa halmashauri. Walinifungulia kadi. Babu, niliiona, mpya kabisa, mistari mitupu, na jina langu juu. Nikafikiri, hivi ndivyo ilivyokuwa yako.

Luteni kanali akasema, "Alama nzuri, lugha mbili. Ungefaa shule ya maofisa wa akiba. Kwenu kuna ofisa yeyote?"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu nina miaka mitano, lile la picha yako juu ya redio. Lakini nikawaza, atauliza jina, ataangalia, ataona ule mstari, wote watatu watanitazama. Nikasema, "Hapana."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Nimepangiwa Januari. Kazi haijanishinda, Babu. Mimi ndiye niliyeshindwa.

Elis


Långskata, 15 Oktoba 2023

Elis,

Msimu wa kuwinda ulifunguliwa jana. Bunduki zimelia tangu asubuhi. Algot kanitundikia mguu wa kulungu mlangoni, kama kila mwaka tangu mwaka ule, nami nimeuchemsha na viungo kama alivyokuwa akifanya bibi yako. Gunnel anakusalimu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikiwa nimesimama.

Nimewahi kuondolewa katika uongozi, nimewahi kurukwa kwenye orodha ya vyeo ya kila Desemba, mara thelathini na nane, naisoma gazetini kwa kioo cha kukuzia. Nilivumilia, maana nilijua nimebeba kwa ajili ya nani. Lakini kukanwa na mtu wangu mwenyewe, mezani, kwa kuulizwa tu, hilo lilikuwa bado. Umelileta wewe.

Tarehe 15 Novemba naingia hospitali Vaasa. Nitakaa wiki moja. Usije.

T. Nygräs


Jyväskylä, 19 Novemba 2023

Babu,

Mama alipiga simu hospitali, wamesema betri imekubali na wewe umekataa uji. Tumefurahi kwa yote mawili.

Sikuja Vaasa, kama ulivyoagiza. Nilikwenda Långskata. Jana ilikuwa karamu ya kulungu kwenye nyumba ya vijana, na nilijua hutakuwepo. Ndiyo maana nilichagua jana. Hilo nalo nakiri.

Nilipanda mabasi mawili. Ukumbi ulijaa, makoti yamerundikwa hadi dirishani. Mama mmoja wa supu akanitazama, akasema, "Jyväskylä hakuna chakula? Mpeni huyu mabakuli mawili, asije akapeperuka." Mzee Algot alikuwa kwenye sufuria kubwa, amevaa aproni juu ya koti la mwenyekiti wa chama cha wawindaji.

"Huyu si mjukuu wa dada yangu?" akasema. "Umekuwa mrefu kama nguzo ya simu. Na kimya kama nguzo, siku hizi hazina waya."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Babu, ndivyo nilivyo. Halafu nikatoa ile nakala mfukoni na kuiweka kando ya mkate.

"Huu ni mwandiko wako, Mzee Algot?"

Aliusoma hadi chini. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Torvald anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi kunja karatasi yako ukale supu, inapoa."

Sikukunja. Nikamwuliza swali nililolifanyia mazoezi ndani ya basi, kwa Kifini kwanza, kisha kwa Kiswidi. "Ulijuaje kwamba alikwenda kuwinda?"

Basi. Sikuwa na kingine. Lakini alivua aproni, akanishika kiwiko, akanitoa mpaka banda la kuni. Huko akaketi juu ya gogo la kupasulia, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee.

"Mimi ndiye niliyekwenda kuwinda," akasema.

Akanieleza. Kwamba Jumamosi ile ya ufunguzi alitoroka kambini alfajiri. Kwamba kwenye gwaride la asubuhi wewe uliripoti watu wote wapo, ukijua hawapo, kwa sababu ungesema kweli angefungwa. Kwamba ulichukua gari lako ukamfuata kilomita sitini, ukamkuta msituni na kulungu ameshalala, ukamrudisha. Kwamba gari lake lilitangulia, na lako likapasuka tairi njiani. Ukafika saa nane, ukaguzi ukiwa umepita, na ulipoulizwa ulikuwa wapi ukajibu, "Ni mambo yangu."

"Hilo la kuwinda lilitoka wapi?" nikamwuliza.

"Meja alisimama mbele ya meza yangu. Akasema, luteni wako yuko wapi. Nilikuwa na damu ya kulungu kwenye kucha, nimezificha chini ya daftari. Nikaogopa atanitazama mikono. Nikasema, leo msimu umefunguliwa, bwana meja, pengine kaenda kuwinda. Akasema, andika. Nikaandika."

"Na Babu hajui."

"Alikuja kwangu jioni ya kesho yake. Akasema, shemeji, limekwisha, mdomo wangu umefungwa. Sasa ningemwambia nini? Nikampelekea mguu wa nyama."

Nikamwambia atie sahihi. Akasema ana miaka sabini na sita, ana jina kijijini. Nikamwambia Babu pia alikuwa na jina. Sijui sauti ile niliitoa wapi, mbwa wa mtu alianza kubweka.

"Ukimwambia na betri mpya kifuani utamuua," akasema. "Nipe wiki. Nitakwenda mwenyewe."

Simwamini. Kwa hiyo nimeiandika barua hii leo ila nitaiposti Jumatatu ijayo, tarehe 27. Kama alikuja, hii ni ya kuthibitisha. Kama hakuja, sasa unajua, na unikasirikie mimi kuliko moyo wako.

Nilisema hapana mbele ya meza ile kwa sababu ileile aliyosema yeye. Nilitaka wasinitazame.

Elis


Långskata, 6 Desemba 2023

Elis, mjukuu wangu,

Leo ni sikukuu ya uhuru. Mishumaa miwili iko dirishani, ya Gunnel nayo naiona ng'ambo. Betri inafanya kazi. Najua kwa sababu nimeijaribu vizuri.

Algot alikuja tarehe 25, siku ya saba. Alisimama mlangoni na kofia mkononi na kusema yote bila kuvuta pumzi. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia atoke kabla sijakumbuka nina miaka mingapi.

Unaelewa kilichonikasirisha? Si neno. Neno lingemtoka yeyote. Lakini miguu arobaini ya kulungu, Elis. Nimekaa mezani kila Oktoba nikitafuna nikidhani ni shukrani. Hata nilikuwa namwambia bibi yako, Mungu amrehemu, kwamba kaka yake ana kasoro nyingi ila hasahau wema. Svea alinyamaza, akinipakulia. Sasa nalala nikijiuliza kama na yeye alijua, na hakuna wa kumwuliza. Hilo sitamsamehe Algot, na usinitumie barua ya kunishawishi.

Kesho yake alirudi na karatasi yenye sahihi. Akaiacha kwenye ngazi, akaondoka. Niliisoma nikamfuata uani kwake nikiwa sina kofia, nikamwambia aiandike upya.

Sasa nikupe kilichobaki. Hawakutoroka mmoja. Walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Runar, mume wa Gunnel, aliyezama na barafu miaka mitatu baadaye. Jumamosi ile mtoto wao alikuwa hospitalini na homa ya uti wa mgongo. Gunnel alituma ujumbe kambini kumwomba mumewe aje. Runar akajibu mchana, aliporudi kambini, kwamba ruhusa imekataliwa. Hakuiomba. Ujumbe ulipofika alikuwa msituni, kilomita mbili kutoka nyumbani kwake, ameshika miguu ya nyuma ya kulungu. Mtoto alipona. Gunnel mpaka leo anasimulia jinsi jeshi lilivyomnyima mumewe ruhusa, na picha yake iko juu ya birika la kahawa.

Algot alikuwa ameandika majina yote mawili. Alitaka kusema ukweli kamili, sasa, baada ya miaka yote hiyo, wakati ukweli wenyewe unamwangukia mtu mwingine. Nilimwambia, shemeji, andika jina lako tu. Safari hii utaandika ninachosema mimi. Akaandika.

Mimi nikaongeza mstari wangu, kwamba saa kumi na mbili asubuhi niliripoti uongo mbele ya gwaride. Mtu mmoja hayupo, nikasema wote wapo. Mtu mmoja, ndivyo nilivyoandika. Katibu wa kitabu alizipokea tarehe 29, akakuna kichwa, akalitoa neno la kuwinda. Ofisi nayo imejibu jana, kwa Kiswidi. Hawafuti kitu, wanaongeza chini. Nimeridhika na hilo. Gazeti la leo lina orodha ya vyeo. Sikuisoma.

Januari utakapokaa mbele yao tena watakuuliza kama kwenu kuna ofisa. Jibu kwa lugha yoyote inayokupa ujasiri. Wakifungua kadi yangu, waache wasome.

Bado nina hasira na wewe, kidogo, kwa lile la Septemba. Itaisha kabla ya Pasaka. Njoo na mama yako, mlete kofia, ile yangu Gunnel kaifua ikawa ya mtoto.

Barua hii ukishaisoma itie jikoni kwenye moto. Kadi bado ina kosa, la mtu mmoja. Hilo nimeliweka mimi mwenyewe, na lisisahihishwe.

Babu yako